Ayuuto

Ukipita Dadaab ukaendelea hadi Liboi, karibu na mpaka wa Somalia, utawasikia wauza maziwa ya ngamia wakiulizana: "Ayuuto ya wiki hii ni ya nani?"

Wasomali walilitoa neno hili kwa Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia: *aiuto*, yaani msaada. Wengine husema *hagbad*. Ni mchezo wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu; Mtanzania atauita upatu. Mkenya atakwambia ni chama.

Tuseme wanawake kumi wanachanga shilingi 500 kila wiki. Kila wiki mmoja anaondoka na 5,000, anaongeza madumu ya maziwa au analipa karo. Aliyetangulia kupokea ni kama amekopa. Wa mwisho ni kama ameweka akiba. Riba haimo, jambo muhimu kwa Mwislamu, na hakuna anayedai hati ya shamba wala dhamana ya mshahara. Dhamana ni jina lako sokoni.

Kuna fadhila pia ndani yake. Mwenye mgonjwa huomba aletwe mbele, na mwenzake humwachia zamu. Fadhila hiyo hailipwi kwa noti. Hulipwa siku mwenzake naye atakapobanwa. Anayechukua mapema kisha akaacha kuchanga, ndiye yule wa fadhila ya punda, mateke. Msimu ujao hatahesabiwa.

Basi waandishi, kwa kuwa kila mmoja hupokea alichochanga, msiitafsiri ayuuto kuwa msaada. Andikeni upatu, na kitenzi chake kiwe kuchangiana.