Dereva Alisema Tairi Lilipasuka

Nilikuwa likizo nyumbani, Nkololo, wilayani Bariadi. Nimerudi mjini na swali ambalo mtu wa kazi yangu alipaswa kujiuliza siku ya kwanza aliyopewa kalamu na daftari. Nianze na kisa chenyewe, halafu tutarudi nyuma miaka mia na zaidi. Usiondoke.

Asubuhi moja nilikuwa naelekea sokoni kwa baiskeli. Nikasikia mlio kama wa bunduki. Ng'ombe waliokuwa wakipelekwa malishoni wakatawanyika, watoto wakalala chini. Vumbi lilipotulia tukaona gari kubwa limesimama pembeni, tairi la kushoto nyuma limebaki vipande. Ilikuwa ile aina ya magari ambayo Wazungu wanasafiri nayo: lori dogo lililogeuzwa nyumba, lina kitanda, jiko, friji, tangi la maji. Mwenyewe alikuwa baba wa umri wa kustaafu, yuko na mkewe. Walitoka Serengeti kwa upande wa Lamadi, wakaingia lami ya Bariadi, halafu wakachepuka waone vijiji.

Hawakupinduka. Namshukuru Mungu, maana upande wa pili wa barabara kulikuwa na wanawake na ndoo zao.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja wa jirani, dereva mstaafu. Aliendesha malori ya pamba ya ushirika enzi zile Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu. Akaitikia huku anatembea kuzunguka gari. Hakuangalia lile lililopasuka. Alikuwa anagusa mazima, moja moja, kwa kiganja, kama mama anayepima mtoto. Alipofika la jirani na lililopasuka akatoa mkono haraka. "Na hili lina homa," akasema.

Akaniambia nimuulize mgeni maswali mawili. Upepo uliwekwa lini? Na maji umebeba kiasi gani? Majibu yakatoka polepole. Kule hifadhini walipunguza upepo ili wasikwame kwenye mchanga, jambo ambalo madereva wa safari hulifanya na lina maana yake. Ila walipofika lami hawakuujaza tena, wakaendesha kwa mwendo wa lami. Tangi la maji nalo walikuwa wamelijaza pomoni, lita zaidi ya 200. Lita moja ya maji ni kilo moja, piga hesabu mwenyewe.

Kisha mzee akanigeukia mimi. "Mwanangu, si wewe unayeandika gazetini kwamba tairi lilipasuka?"

Nikacheka. Baadaye, usiku, sikucheka. Ni kweli nimeandika sentensi ile mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Namba ya basi, idadi ya waliokufa, na mwisho: dereva alisema tairi la mbele lilipasuka, gari likamshinda. Nukta. Mhariri ameridhika, msomaji ameguna, marehemu wamezikwa. Nani amewahi kuniuliza kwa nini lilipasuka?

Basi nikaanza kusoma historia ya hiki kitu cheusi tunachokikanyagia dunia nzima.

Tairi la upepo lilivumbuliwa mara mbili. Robert William Thomson, Mskoti, alilisajili mwaka 1845, likapotea kwa sababu magari yenyewe hayakuwepo. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akalisajili tena. Alikuwa amelitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wa Michelin waliingiza gari lenye matairi ya upepo kwenye mashindano ya Paris kwenda Bordeaux na kurudi. Pancha ziliwaandama njia nzima. Kwa hiyo tairi la gari na tairi kupasuka ni mapacha, wamezaliwa siku moja.

Sasa sikiliza hili, hasa wewe uliyekulia Usukumani. Mpira peke yake hauwezi kubeba gari, unavutika tu kama manati. Kinachobeba ni nyuzi zilizofichwa ndani yake, na kwa miongo mingi nyuzi hizo zilikuwa pamba! Mwanzoni ilikuwa pamba iliyofumwa kama turubai. Nyuzi zikipishana zilikuwa zinasuguana kila gurudumu linapozunguka, zinapata moto, zinakatana. Ndipo mafundi wakajifunza kuzilaza upande mmoja na kuzitenganisha kwa mpira. Baadaye ikaja rayoni, ikaja nailoni, na baada ya Vita Kuu ya Pili Michelin wakaleta tairi la radi lenye waya za chuma. Lakini adui hajabadilika tangu enzi ya pamba. Anaitwa joto.

Mpira na pamba. Watu wa Afrika tunavijua vyote viwili kwa machungu. Baada ya Dunlop dunia ilitaka mpira kwa pupa, na katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, vijiji vilipangiwa viwango vya utomvu wa kuleta kutoka msituni. Walioshindwa walichapwa, watu wao wakauawa, mikono ikakatwa. Huku kwetu Wajerumani walilazimisha mashamba ya pamba kusini, na hiyo ikawa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walipanda pia miti ya mpira kutoka Brazil, hasa huko Tanga na Morogoro. Bei ilipanda sana karibu mwaka 1910, ikaporomoka kabla hata ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu mpira wa Asia ulikuwa bora na rahisi. Wajerumani wameondoka, miti imebaki, na leo tunakula majani yake. Ndicho kisamvu cha mpira. Tumelipa deni la tairi kwa kuligeuza mboga.

Na yule babu wa wote wanaosafiri Afrika kwa gari wakiliishi, alianzia hapa hapa. Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, moto wa Maji Maji ukiwa ndiyo kwanza unazimika. Gari lake lilitengenezwa Gaggenau kwa safari ile, limenyanyuliwa juu lisigote mawe. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21! Barabara hazikuwepo, na mwendo ulikuwa wa kujikongoja. Gari likiharibika unasimama, unatengeneza, unaendelea. Ukienda kwa mwendo wa mtu anayetembea, ubovu wa gari unakuchelewesha tu. Ukienda kilomita 100 kwa saa, unakuua. Lami imetupa zawadi na imetupa bili.

Tuliwahi hata kutengeneza matairi yetu wenyewe. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikiwa na hisa nyingi. Wazee wanayataja matairi yale kama watu wanavyotaja wachezaji wa zamani. Kiwanda kilisimama mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Leo tunanunua yaliyotoka nje, mapya kwa mwenye uwezo, ya mtumba kwa wengi wetu.

Hapo ndipo penye mtego. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku limezeeka. Tazama ubavuni, kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne ndani ya kiduara. 3514 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2014. Utaratibu huu wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala ghalani. Ndugu msomaji, ukitoka hapa nenda kasome ubavu wa gari lako, au la mjomba wako.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa Nkololo, kwa sababu elimu yake inaokoa. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja zaidi kila mzunguko. Kujikunja kunaleta joto, joto linaachanisha nyuzi na mpira. Ongeza mzigo, ongeza mwendo, ongeza jua la saa nane, na kilichobaki ni kujua kilomita ipi. Magari yenye matairi mawili mawili nyuma yana siri nyingine: la ndani likiisha upepo halionekani, la nje linabeba mzigo wa wawili. Ndiyo maana utingo wa zamani alishuka na nyundo kila kituo, anagonga moja moja na kusikiliza sauti. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kipimo. Kupiga teke si kipimo.

Na likipasuka? Mguu unataka breki. Mnyime. Breki ya ghafla inahamisha uzito wote mbele, na gari refu au la juu, liwe basi au nyumba ya magurudumu, linageuka na kulala. Shika usukani kwa mikono miwili, usiukate, lishikilie gari kwenye mstari wake. Usiachie mafuta kwa mkupuo. Madereva wa magari makubwa hufundishwa hata kukanyaga mafuta kidogo kwa muda mfupi, ili gari liendelee kuvutwa mbele badala ya kuvutwa pembeni. Likishatulia, achia polepole, lipungue mwendo lenyewe, ndipo utoke barabarani, uwashe taa za tahadhari, uweke pembetatu mbali nyuma yako. Abiria washuke upande usiopita magari. Yule mgeni alisema aliganda kwa hofu, hakufanya chochote. Mzee akamjibu, "Umepona kwa sababu hukufanya chochote."

Lakini elimu ya dereva ni nusu tu ya habari. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba mkoani Kilimanjaro, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walikufa. Taarifa za awali za mamlaka zilisema tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu. Niliposoma nikaisikia ile sauti ya mzee. Sisemi lolote juu ya tairi lile, sikuwepo. Nasema kwamba katika habari za namna hii, maswali ya upepo, umri, mzigo na mwendo huwa yanazikwa pamoja na watu.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Mabasi yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku ya miaka mingi. Usiku una faida yake, lami inapoa. Una hasara yake pia: nani anaona tairi lililolegea gizani?

Na sisi abiria tujitazame. Ni sisi tunaomwambia suka akanyage mafuta tuwahi. Ni sisi tunaopandisha gunia la mwisho huku tunaona springi zimelala. Mwenye basi anayeahirisha kununua tairi hadi mwezi ujao anajua hakuna atakayemuuliza. Mwandishi hatamuuliza. Mwandishi ana nukta yake tayari.

Mama yangu husafiri kwa basi kutoka Bariadi kwenda Mwanza kila baada ya miezi michache, kliniki. Siku naondoka nilimsindikiza stendi. Nikazunguka basi nikipapasa matairi, kondakta ananishangaa, mama anaona aibu. "Unatafuta nini, baba?" akaniuliza. Sikuwa na jibu fupi.

Nimeandika kwenye jalada la ndani la daftari langu la kazini maswali manne: limetengenezwa lini, lilijazwa upepo lini, lilibeba nini, lilikuwa mwendo gani. Nitakayemuuliza atakasirika, najua. Akasirike. Wewe unayepanda basi kesho asubuhi, uliza lako moja tu kabla hujakaa kitini.