Siku sita na mawe ya Maniema

Katika mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, dhahabu ya Namoya, kule Kabambare, na bati la Kalima vinatoka katika miamba ya ukanda wa Kibara. Wanajiolojia wamepima itale iliyoleta bati hilo, wakakuta ina takriban miaka milioni 1,000. Lakini waumini wa Lusangi na Kasongo, mkoani humo humo, wanasoma pia Mwanzo sura ya kwanza, ambako kazi yote ya uumbaji inakamilika kwa siku sita.

Wengi hudhani mvutano huu umeletwa na sayansi, na kwamba padri anayezifasiri siku hizo kuwa zama ndefu amesalimu amri. Sivyo. Katika karne ya 3, Origen wa Alexandria, Misri, aliuliza: jioni na asubuhi za siku tatu za kwanza zilitoka wapi, ilhali jua liliumbwa siku ya nne? Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja; siku sita ni mpangilio wa kumwelewesha binadamu.

Hata hivyo, Augustino huyo huyo aliamini kwamba historia ya wanadamu haijatimiza miaka 6,000. Maana ya siku ni suala moja, idadi ya miaka ni jingine.

Idadi ilitokana na kujumlisha vizazi. Mwaka 1650 James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana huko Ireland, alipiga hesabu akaweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye tarehe yake ilichapishwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na wasomaji wakaizoea kama sehemu ya Maandiko.

Wapadri Weupe walioeneza Ukatoliki Maniema hawakufungwa nayo. Juni 30, 1909, Tume ya Kipapa ya Biblia iliruhusu siku za Mwanzo zisomwe kama siku za kawaida au kama vipindi vya wakati. Mwaka 1951 Papa Pius XII alizungumza na wanasayansi mjini Vatikani kuhusu dunia yenye umri wa mabilioni ya miaka, bila kuona tishio kwa imani. Mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani alitangaza kipimo chake cha umri wa dunia: miaka bilioni 4.55.

Waislamu wa Kasongo nao wana nafasi hiyo ya kuzifasiri siku. Kurani inataja siku sita, lakini inasema pia kwamba siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu ya watu, na mahali pengine inataja siku ya miaka elfu hamsini.

Kwa hiyo jiwe la Kalima linapingana na hesabu ya Ussher. Swali la siku sita lilikuwa wazi zaidi ya miaka elfu moja kabla yake.