Uadilifu na Heri: Swali la Wayunani na Kumuse ya Wabukusu

Mwenye kufasiri falsafa ya Wayunani wa kale kwa Kiswahili hukabiliwa mapema na neno moja zito: yudaimonia. Ni rahisi kuliita furaha, kwa kuwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wetu ndicho njia ya kuwafikia Wayunani, hulifasiri hivyo mara nyingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo hulipotosha swali lenyewe, yaani, je, kuishi kwa haki humpatia mtu yudaimonia? Ushahidi wetu mmoja unatoka Athens. Wa pili unatoka Myanga na nchi nzima ya Wabukusu, kutoka Bungoma hadi Kitale.

Katika Jamhuri ya Plato, Glaucon anamtaka Socrates amtetee mtu mwadilifu anayedhaniwa na wote kuwa mwovu, akapigwa na kuteswa mpaka kufa. Socrates anajibu kwamba uadilifu ni utulivu wa nafsi ambayo kila sehemu yake inatimiza kazi yake; nafsi ya dhalimu ni kama mji unaopigana wenyewe kwa wenyewe. Aristotle hakuridhika. Kwake, kusema kwamba anayeteswa ana yudaimonia madhali ni mwema ni upuuzi, kwani mtu huhitaji pia marafiki, watoto na bahati. Wastoa waliofuata walishikilia kwamba wema peke yake watosha.

Aristotle alilijadili pia neno la kale la Solon. Herodotus asimulia kwamba Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, alitaka Solon amtaje mtu mwenye heri kupita wote. Solon alimtaja Tellus wa Athens, raia aliyeacha wana wema na wajukuu, akafa vitani, akazikwa na mji kwa heshima. Asiitwe mtu mwenye heri, alisema, kabla mwisho wake haujaonekana.

Mbukusu hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Baada ya maziko ya mzee aliyeheshimika, mswala kumuse husimama kati ya waombolezaji, akitembea huku na huko, akieleza asili ya watu wake, akipima maisha ya marehemu, akiwaonya vijana na kuwapatanisha jamaa. Kazi hiyo si ya kila msemaji, hufuata ukoo. Hapo haulizwi marehemu alicheka mara ngapi. Huulizwa aliishije na watu, na ameacha nini. Methali zetu nazo hutazama huko huko: wema hauozi, mwisho wa ubaya ni aibu.

Lakini kumuse ina mpaka wake. Hufanyiwa mzee wa kiume mwenye kizazi. Kijana mwadilifu aliyekufa mapema haipati, wala mwanamke mwadilifu. Kwa hiyo kumuse imesimama upande wa Aristotle: uadilifu ni sharti, lakini bahati nayo lazima iwepo. Zaidi ya hayo, hukumu yake ni ya jamii, na jamii yaweza kukosea. Mwaka 399 K.K. baraza la raia wa Athens lilimhukumu Socrates kufa. Mtu wa Glaucon ndiye hasa ambaye hapana kumuse iwezayo kumwona.

Kwa sababu hizo, twapendekeza yudaimonia ifasiriwe heri. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, hubeba wema na baraka pamoja, hata bahati. Nayo sifa ya mtu mwenye haki tuiite uadilifu, kwani haki ni pia kile mtu anachokidai mahakamani. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba mwadilifu ana furaha, mwanafunzi atamkanusha kwa mfano wa jirani yake tu. Akiandika kwamba ana heri, hapo mjadala wa Plato na Aristotle utaanza, na wazee wa Myanga watakuwa na la kusema ndani yake.