ALIJICHORA, JINA LIKATOKA KINYUME: PICHA ILIYOBAKI NAKALA MBILI TU

Wadau, leo historia tunaianzia kwenye kitu ambacho kila mtu pale Sigi amekiona: muhuri wa serikali ya kijiji. Ugeuze uutazame chini, herufi zimekaa kinyume. Ukigonga kwenye barua ndipo zinasomeka sawa. Fundi akijisahau akachonga herufi sawa, kazi yote imekula kwake.

Mwaka 1629 jambo hilo lilimkuta Rembrandt, kijana wa miaka 22 au 23, mtoto wa mwenye kinu cha kusaga nafaka mjini Leiden, Uholanzi. Leo anatajwa kati ya wachoraji wakubwa kuliko wote duniani. Wakati ule alikuwa bado anajitafuta. Na kwa kuwa kioo hakidai malipo, akajichora mwenyewe.

Kazi yenyewe iko hivi. Bamba la shaba linapakwa nta. Unachora kwa sindano, nta inatoka pale ulipopita. Ukimwaga tindikali, inakula shaba pale palipo wazi tu. Unasafisha, unapaka wino, unafuta juu, wino unabaki kwenye mifereji. Karatasi yenye unyevu ikibanwa juu yake kwa mashine, picha inahamia huko, imegeuka. Hata hapa kwetu mbinu hii ipo: George Lilanga aliifanya Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam.

Sasa utamu wa mbinu hii ni kwamba bamba moja linatoa nakala nyingi. Lakini ya picha hii zinajulikana mbili tu, moja Amsterdam, nyingine London. Ukiiangalia unamwona kijana kichwa wazi, nywele timutimu. Mistari ni mikavu na ya haraka, mingine imetoka miwili miwili kama peni iliyopasuka ncha. Na zile herufi RHL, yaani Rembrandt Harmenszoon wa Leiden, pamoja na mwaka 1629, zote zimegeuka. Aliziandika sawa kwenye bamba!

Hakuishia hapo. Alijichora kwa njia hii mara 30 hivi. Miaka 10 baadaye, 1639, akatoa ile ya kifahari, ameegemea ukuta wa mawe na nguo za kitajiri, na nakala zake zipo makumbusho nyingi. Maisha nayo yakampiga: 1656 akafilisika, vitu vyake vikauzwa. Akafa 1669, akazikwa kwenye kaburi la kukodi.

Ila kile kikaratasi cha majaribio kipo hadi leo. Na tunajua ni cha lini kwa sababu moja tu: dogo aliweka jina na mwaka hata kwenye kazi iliyomtoka vibaya.

Kwa hiyo wewe mwenye daftari la michoro chini ya godoro, usiliwashie moto. Andika jina, andika tarehe, halafu chora nyingine.