Mume Yuko Majuu, Nikah Imefungwa: Sasa Visa ya Marekani Yataka Doo Ngapi?

Kaa kibarazani hapa Bondeni jioni moja tu, kahawa tungu mkononi, na utasikia stori ya harusi ya mtu wa majuu. Jamaa amekuja Desemba kwa wiki tatu, nikah Alhamisi, pilau Ijumaa, picha zimejaa status, Jumapili msee yuko Moi International anarudi zake Ohio. Bi harusi amebaki na cheti cha ndoa, dhahabu kidogo, na swali moja: naenda lini?

Wengi hudhani kazi yote ni kuthibitisha mapenzi. Picha, chati za WhatsApp, risiti za kutumiana pesa. Hizo zatakiwa, sawa. Lakini kuna karatasi nyingine ambayo haina habari na mapenzi kabisa, na hiyo ndiyo imemkwamisha dada mmoja wa mtaa huu ninayemjua. Mumewe ni raia wa Marekani, ndoa ni ya kweli, mtaa mzima tulikula pilau yake. Siku ya intavyuu maswali ya ndoa alijibu yote bila kugugumia. Akatoka na karatasi ikisema kipato cha mume hakitoshi, leteni sponsa mwingine. Mume huendesha teksi ya app. Ritani zake za ushuru za mwaka ule zilionyesha dola elfu 17.

Basi tuiangalie hiyo karatasi. Inaitwa fomu I-864, na sisi tuiite kiapo cha matunzo. Mume au mke aliye Marekani anaapa kwa serikali kwamba huyu anayekuja hatakuwa mzigo kwa walipa ushuru. Kila mwaka Marekani hutoa mstari wa umaskini, na sponsa anatakiwa awe na kipato cha angalau asilimia 125 ya mstari huo. Aliye jeshini akiwa kazini yeye anamletea mwenzake kwa asilimia 100 tu.

Kwa mwongozo wa 2025, nyumba ya watu wawili, yaani yeye na wewe, inataka dola 26,437 kwa mwaka. Kwa pesa ya hapa, dola ikiwa kama shilingi 129, hiyo ni kama milioni 3.4. Watatu, dola 33,312. Wanne, dola 40,187. Alaska na Hawaii wana mstari wao wa juu zaidi. Namba hupanda karibu kila mwaka, kwa hivyo angalia za mwaka wako wala usikariri hizi.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili na hesabu hazijawahi kunipenda, lakini hii nimeipiga mara tatu. Mtu anayelipwa dola 15 kwa saa, masaa 40 kwa wiki, mwaka mzima bila kukosa, anapata dola 31,200. Kama ni wewe na yeye tu, amepita. Akiwa na mtoto mmoja nyumbani, ameanguka. Kazi ni ile ile, mshahara ni ule ule.

Na hapa kwenye kuhesabu watu ndipo drama huanza. Wanaohesabiwa ni sponsa mwenyewe, wewe unayekuja, watoto wake walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, na wote anaowatunza kwenye ritani zake. Halafu anaongezwa yeyote aliyewahi kumtilia sahihi kiapo kama hiki na bado kinamfunga. Maana yake, kama jamaa yako alimleta mke wa kwanza mwaka 2021, wakaachana 2023, na yule mama bado hajapata uraia, anaweza kuhesabiwa kwenye nyumba yenu. Talaka imeshatoka, lakini kwenye fomu bado mnakaa naye. Muulize mapema, kabla hujajua kutoka kwa afisa.

Tukiwa hapo hapo, kwa wale wa bi mdogo: kwa Kadhi ndoa ya pili ni halali, kwa uhamiaji wa Marekani haipo. Wake wawili hawapiti kwa kipato chochote kile.

Turudi kwa yule dereva, manake wasee wetu wengi huko wako kwenye teksi, malori na deliveri. Dereva anaweza kuingiza dola elfu 50 kwa mwaka na kweli akazishika mkononi. Lakini akifaili ritani anatoa mafuta, matengenezo, simu, insurans. Ni haki yake, na ushuru unashuka. Kinachobaki baada ya kutoa ndicho kipato chake mbele ya ubalozi. Kwa hivyo ujanja wa kupunguza ushuru mwezi wa nne unakuja kumuuma mkewe mwaka unaofuata. Na pesa ya mkononi ambayo haikutangazwa popote, hiyo kwao haijawahi kuingia. Mume wa huyu dada hakudanganya mtu, alifaili tu kama mtu ambaye hana mke wa kumleta.

Anayeajiriwa mambo yake ni mepesi zaidi: ritani ya mwaka wa mwisho, pesilipu za karibuni, barua ya mwajiri. Kinachoangaliwa zaidi ni kipato cha sasa, kwa hivyo mtu aliyepata kazi nzuri juzi asikate tamaa kwa sababu ya ritani mbovu za mwaka jana.

Swali ambalo lazima utaliwaza: je, hela yangu mimi haihesabiwi? Una duka la mabuibui Biashara Street, ama una tuktuk mbili zinazokuletea kila siku. Kipato chako kinahesabiwa tu kama kitaendelea kutoka pale pale ukishahamia Marekani, na kama ni kazi halali. Mwenye kibanda cha viazi karai Makadara hawezi kusema ataendelea kukaanga akiwa Minneapolis. Unayefanya kazi ya mtandaoni kwa kampuni inayokubali uende nayo, hapo una la kuonyesha.

Mali je? Mali inakubalika, yake ama yako, ilimradi inaweza kugeuzwa pesa ndani ya mwaka mmoja. Akiba ya benki ndiyo safi zaidi. Shamba pia linaweza, ukiwa na hati na thamani iliyopimwa, lakini plot ya urithi ambayo ndugu saba bado wanaigombania usiipeleke. Kanuni ni hii: mke au mume wa raia anatakiwa mali yenye thamani mara 3 ya pengo. Tuseme kipato ni dola 20,000. Pengo mpaka 26,437 ni dola 6,437. Mara tatu ni dola 19,311. Kama sponsa ana grini kadi tu na si raia, ni mara 5, na foleni ya visa yenyewe ni nyingine.

Pengo likikataa kuzibika, ndio anatafutwa sponsa wa pili. Si lazima awe ndugu. Awe na miaka 18 kwenda juu, awe raia ama mwenye grini kadi, na makazi yake yawe Marekani. Ami yako wa Muscat ama Toronto, hata kama anaweza kununua nusu ya Nyali, hafai. Na huyu sponsa wa pili lazima afikishe kiwango peke yake kwa watu wa nyumba yake pamoja na wewe, hachangii tu kile kilichopungua. Mume naye bado anajaza fomu yake, hata kama kipato chake ni sifuri.

Hapo ndipo simu hazishikwi tena. Na kusema ukweli, siwalaumu. Zamani kiapo cha aina hii kilikuwa kama ahadi ya harusini, mahakama hazikukishikilia sana. Sheria ya 1996 ikabadilisha mambo, na tangu tarehe 19 Desemba 1997 I-864 ni mkataba kamili. Ukikosa riziki, unaweza kuwashtaki sponsa na sponsa wa pili, wote wawili, wakufikishe kwenye ile asilimia 125. Kwa mtu mmoja, kwa namba za 2025, ni dola 19,562 kwa mwaka ukitoa unachopata mwenyewe. Talaka haikifuti. Mwaka 2012, kesi ya Liu dhidi ya Mund, mume aliyeachana na mkewe alisema mke hatafuti kazi. Mahakama ya rufaa iliyoko Chicago ikasema kiapo hakimlazimishi mke kutafuta kazi ndio atunzwe.

Kiapo hufa kwa njia chache. Ukipata uraia. Ukifikisha robo 40 za kazi, ambazo kwa kawaida ni kama miaka 10. Ukiondoka Marekani moja kwa moja na kuacha ukaazi wako. Ama mmoja wenu akifariki. Ndio maana mtu akimwendea rafiki na kumwambia "ni sahihi tu," anamdanganya, hata kama hajui.

Kuhusu njia yenyewe nitaenda mbio. Mume anafungua faili kwa fomu I-130, dola 625 mtandaoni ama 675 kwa karatasi, kwa bei zilizoanza Aprili 2024. Ikikubaliwa inaenda kituo cha taifa cha visa, ambako mnalipa dola 325 za visa na dola 120 za kukagua kiapo, kisha mnapakia kiapo, ushahidi wa kipato na cheti cha tabia njema. Baadaye ni vipimo vya afya na intavyuu ubalozini Gigiri. Cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa, sio tu shehe alikuwepo na video ipo. Mapungufu ya kipato yakionekana siku ile, faili halitupwi, linasubiri ulete kilichokosekana.

Na wale wenye mume ama mke Uingereza, hesabu yenu ni nyingine na ni noma zaidi. Kuanzia mwaka 2012 kiwango kilikuwa pauni 18,600. Tarehe 11 Aprili 2024 kikaruka mpaka 29,000. Hakuna mjomba wa kukutilia sahihi kule. Mkikosa mshahara, akiba inayotosha peke yake ni pauni 88,500 zilizokaa benki miezi sita. Aliyeingia kwa kiwango cha zamani akiwa na mwenza yule yule, anaendelea nacho.

Bas, yule dada. Mumewe alipiga simu kwa watu watatu. Wa kwanza, binamu, alisema atafikiria na hajafikiria mpaka leo. Wa pili alikuwa na watoto wanne, hesabu ikamkataa. Wa tatu ni jamaa waliyewahi kuishi chumba kimoja, nesi, mtu wa Kisumu. Huyo aliomba atumiwe fomu kwanza, akaisoma yote, akapiga simu Bondeni kuongea na shemeji yake mwenyewe. Alimuuliza kitu kimoja: mke wa raia akikaa miaka mitatu na grini kadi, wakiwa bado wanaishi pamoja, anaweza kuomba uraia, je, ataomba? Akamwambia ataomba siku ya kwanza. Jamaa akatia sahihi.