Bei ya Bandarini na Bei ya Kituoni

Ukiuliza kwa nini karafuu ya Zanzibar ilidorora, jibu la kwanza utakalopewa ni soko la dunia: bei ilianguka, mikarafuu ikaachwa. Jibu hilo lina ukweli mzito, lakini linaanzia mwisho wa habari. Mkarafuu haulimwi kama mpunga. Unapandwa leo, unapaliliwa na kukingwa na jua kali ungali mchanga, kisha unasubiriwa miaka saba au minane ndipo uanze kuzaa mzao wa maana. Ukishashika, mjukuu wa aliyeupanda atauchuma. Kwa hiyo mavuno ya mwaka wowote ni matokeo ya uamuzi uliopitishwa muongo mmoja nyuma au zaidi, na aliyepitisha uamuzi huo hakuwa akitazama bei ya Singapore wala ya Bombay. Alikuwa akitazama fedha aliyohesabiwa mkononi alipofikisha gunia lake kwenye kituo cha ununuzi. Karafuu imekuwa na bei mbili siku zote, ya bandarini na ya kituoni. Hoja yangu ni kwamba pengo kati ya bei hizo mbili limeidhuru Zanzibar kuliko kuanguka kokote kwa bei ya nje.

Anguko la kwanza tulilileta wenyewe. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na Waholanzi waliihodhi kwa upanga, wakaing'oa kila mahali isipokuwa pale walipoweza kuilinda. Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuipeleka Mauritius mwaka 1770, na kutoka visiwa vya Wafaransa ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Saleh bin Haramil al-Abri ndiye anayetajwa kuwa mpandaji wa kwanza mkubwa, Mtoni na Kizimbani. Faida ilikuwa ya ajabu, na Sayyid Said bin Sultan akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Misitu ikafyekwa, maelfu ya watumwa wakaletwa kutoka bara, na kazi yao isiyolipwa ndiyo iliyoifanya karafuu iwe rahisi. Kufikia miaka ya 1850 frasila moja, yaani kama kilo 16, ilikuwa ikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya miaka ya 1830. Kilichoiinua tena ni msiba: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu.

Mnunuzi aliyekuja kutawala bei alizaliwa mbali, tena kwa jambo ambalo mtu asingelidhania. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Kudus kwenye kisiwa cha Java, watu walianza kuchanganya karafuu iliyokatwakatwa na tumbaku. Inasimuliwa kuwa Haji Djamhari alianza kuivuta kama dawa ya kifua. Sigara hiyo ikaitwa kretek kwa mlio wa karafuu inapoungua. Kutoka dawa ikawa starehe, kutoka starehe ikawa kiwanda, na nchi iliyo asili ya mkarafuu ikajikuta inaagiza karafuu kutoka Zanzibar na Madagascar kwa meli. Watu hudhani karafuu ni kiungo cha pilau. Pilau ya dunia nzima haifikii kiasi kinachoteketea katika moshi wa Indonesia. Ndiyo maana bei ya karafuu haiendi kama bei ya viungo vingine: Indonesia ikivuna vizuri, soko linajaa, ikikosa mavuno, inaingia sokoni kununua na bei inaruka.

Sasa tazama kilo moja ya karafuu kavu inavyopatikana, maana bila hilo neno pengo halina uzito. Mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi mepesi, huvuta tawi kwa kamba au kwa kijiti chenye ndoana, na hukata vishada kabla maua hayajafunguka. Akichelewa siku chache imekwisha kuwa mpeta, yaani imekomaa kupita kiasi, na daraja limeshuka. Jioni watu wa nyumba nzima hukaa kuchambua, karafuu upande mmoja na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande mwingine, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Kisha huanikwa juani juu ya majamvi, siku nne, tano, hata wiki mbingu zikiwa nzito, na wingu likitanda watu hukimbia kuianua, kwani ikilowa huvunda na kuwa nyeupe. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Gharama zote hizo, za uchumaji, uchambuzi na uanikaji, humwangukia mkulima kabla hajaona senti. Bei ya kituoni ikishindwa kumlipa mchumaji, karafuu huachwa mtini ikachanua, hata kama bandarini ni dhahabu.

Hapa huja pingamizi lenye nguvu: kama si serikali kushika biashara, wafanyabiashara wangemla mkulima. Historia inalipa uzito. Katika miaka ya 1920 na 1930 mashamba mengi yalikuwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi. Mwenye shamba alikopa kabla ya msimu, na mavuno yakaenda kwa aliyemkopesha kwa bei aliyoitaka huyo huyo. Serikali ya kikoloni iliunda Chama cha Wakulima wa Karafuu mwaka 1927, na mwaka 1937 ikakipa haki ya pekee ya kununua kutoka kwa wakulima. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na chama cha Congress kule India kikaunga mkono kwa kususia karafuu ya Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, kwa hiyo mgomo uliuma, na mwaka 1938 ikabidi serikali ipatane nao na kuwarudishia nafasi katika biashara. Lakini tuangalie ugomvi ule ulihusu nini. Ulikuwa ugomvi wa nani akae katikati ya mti na meli. Mkulima, ambaye jina lake lilibandikwa kwenye chama, hakuwa na sauti kubwa upande wowote, na serikali iliyojiita mlinzi wake ilikuwa ikijilipa kutoka kwenye karafuu hiyo hiyo kwa ushuru. Kumwondoa mkopeshaji lilikuwa jambo la haki. Kumweka mnunuzi mmoja mahali pake lilikuwa jambo jingine, na utaratibu huo ndio uliorithiwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likawa mnunuzi pekee. Wakati huo huo bei ya nje ikaanza kupanda kuliko ilivyowahi kuonekana, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ikakaribia dola 9,000. Katika kipindi hicho cha neema, mkulima wa Pemba alipata kituoni sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Uthibitisho ulionekana baharini. Mashua na ngalawa zenye karafuu zilivuka usiku kutoka Pemba kwenda pwani ya Kenya, na watu wakathubutu ingawa adhabu ilikuwa kali kupita kiasi. Hadi leo Zanzibar ina kikosi ambacho jina lake lenyewe ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Kenya, isiyo na mashamba ya karafuu ya kutajika, imeuza karafuu nje. Magendo ni bei inayosema kweli: mtu hahatarishi maisha yake katika Mkondo wa Pemba kwa tofauti ya senti mbili.

Wapo watakaosema fedha ile haikupotea, kwamba ilijenga majumba ya Michenzani, shule na hospitali, na televisheni ya rangi ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Ni kweli, na waliohamia kwenye nyumba zile kutoka vibanda vya Ng'ambo hawana sababu ya kulikana jambo hilo. Hata hivyo fedha ile ilikuwa mtaji wa mti. Miti ya Pemba ilikuwa imezeeka, mingine ya tangu enzi za masultani, na tangu kabla ya Mapinduzi maradhi ya kukauka ghafla yalikuwa yakiila. Wanaosema ni uzee na maradhi vilivyoua karafuu wanataja dalili. Mti mzee hupandwa mwingine ubavuni mwake, ikiwa mwenyewe anaona faida. Asipoona, hupanda muhogo, au hukata kuni.

Na wakati Mpemba hapandi, mwingine alipanda. Bei ile ile ya miaka ya 1970 iliwafikia wakulima wa Indonesia, serikali yao ikawahimiza, na vilima vya Minahasa huko Sulawesi vikajaa mikarafuu. Hesabu ya miaka minane ikatimia: katikati ya miaka ya 1980 Indonesia ilikuwa imejitosheleza, haikutuhitaji tena, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 tani ilikuwa chini ya dola 1,000. Bei nzuri iliyozuiliwa kituoni kwetu ndiyo iliyomlea mshindani wetu kwake. Anguko la nje lingekuja hata kama mkulima wetu angelipwa vizuri, hilo nakubali. Lakini lingemkuta na miti michanga na akiba, kama mtu anayengoja kiangazi kipite.

Anayedhani hii ni dosari ya Zanzibar peke yake aitazame Indonesia yenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1990 Rais Suharto aliruhusu shirika moja, BPPC, chini ya mwanawe Tommy, kununua karafuu yote ya wakulima na kuwauzia wenye viwanda vya kretek kwa bei ya juu zaidi. Wakulima waliiacha mikarafuu, wengine wakaikata. BPPC ilivunjwa mwaka 1998 kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa, na haikupita miaka mingi karafuu ikaadimika na bei ikapanda tena. Bahari ni nyingine, mti ni ule ule, na pengo lilifanya kazi ile ile.

Mwaka 2011, mavuno ya Indonesia yalipokuwa duni na bei ya nje ikavuka dola 10,000 kwa tani, Serikali ya Zanzibar chini ya Dk. Ali Mohamed Shein iliamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Bei ya kilo kituoni ikapanda mara kadhaa kwa muda mfupi, na karafuu iliyokuwa ikivuka kwa siri ikaanza kuonekana vituoni. ZSTC ilibaki kuwa mnunuzi pekee, na Madagascar, iliyofungua soko lake mapema, inauza nje zaidi yetu. Kabla ya Mapinduzi mwaka mmoja wa mavuno mazuri ulitoa zaidi ya tani 10,000. Siku hizi mara nyingi mavuno hayafiki nusu ya hapo. Miche imegawiwa bure kwa maelfu, na ile iliyotiwa ardhini mara tu baada ya 2011 ndiyo kwanza imepata urefu wa kumhitaji mchumaji apande.