Wiki Moja ya Machi 1946

Kati ya tarehe 3 na 9 Machi 1946, kila mwanamke aliyejifungua katika England, Wales na Scotland aliingia katika hesabu ambayo hakuiomba. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, nguo na chakula bado vilikuwa vya mgao, na serikali ilikuwa imeunda Tume ya Kifalme ichunguze kwa nini Waingereza wanazaa wachache. Daktari James Douglas alitaka kujua kuzaa kunamgharimu mama kiasi gani. Mtoto alipofikisha wiki nane hivi, muuguzi wa afya alibisha hodi akiwa na fomu mkononi: ulijifungulia nyumbani au hospitali, ulipewa dawa ya kutuliza uchungu, umetumia shilingi ngapi kununua nepi, nguo za mtoto na kigari cha kumsukumia? Akina mama 13,687 walijibu. Sidhani kama kuna nchi iliyowahi kabla ya hapo kuwatazama watoto wake kwa ukamilifu namna hiyo. Tajiri na maskini, wa mjini na wa shamba, wote walipitiwa na wauguzi wa afya kwa maswali yaleyale.

Ukamilifu huo haukudumu. Ilipoamuliwa kwamba watoto wafuatiliwe wanavyokua, fedha hazikutosha kuwafuata wote, wakabakizwa 5,362. Waliochukuliwa ni watoto wote wa watumishi wa ofisini na wa vibarua wa mashambani, na mmoja kati ya kila wanne wa wafanyakazi wa mikono. Mapacha waliachwa. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa nao waliachwa. Mpunguzo wa kwanza, ule wa mmoja kati ya wanne, na huu wa pili si kitu kimoja, ingawa yote miwili ilifanywa kwa pamoja. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani aliyebaki anaweza kupewa uzito wa watoto wanne wakati wa kupiga hesabu, na picha ya taifa ikarudi mahali pake. Mtoto wa nje ya ndoa hana wa kumsemea, kwa kuwa sifuri ukiizidisha mara elfu inabaki sifuri. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kwanza kuhusu utafiti wa rika, yaani ule unaowafuata watu waliozaliwa wakati mmoja, lisiwe wako wangapi. Liwe ni nani aliyezuiwa mlangoni, na kwa kanuni gani.

Uingereza ilirudia kazi hiyo mwaka 1958, tena katika wiki ya tarehe 3 hadi 9 Machi, safari hii kuchunguza vifo vya watoto wachanga. Watoto takriban 17,000 waliandikwa. Hata idadi hiyo kubwa haikutosha kwa swali lililoulizwa, kwa maana vifo vya wiki moja ni vichache mno kuchambuliwa, hivyo taarifa za vifo zikakusanywa kwa miezi mitatu. Rika la tatu lilifuata tarehe 5 hadi 11 Aprili 1970. Hapo lilijitokeza jambo ambalo wiki ya kuzaliwa haiwezi kulitatua yenyewe, nalo ni kwamba wiki haihami, ila watu wanahama. Chukua mtoto wa familia ya Kihindi aliyezaliwa Kampala wiki ile ya Aprili 1970, wazazi wake wakafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na kupokewa Leicester. Akiwa na miaka mitano ni mtoto wa Uingereza, anasoma shule ya Uingereza, lakini hayumo katika fomu yoyote ya wakunga wa 1970. Watafiti waliliona pengo hilo. Katika duru za shuleni waliwatafuta wahamiaji waliozaliwa wiki husika wakawaongeza. Rika la 1958 peke yake lilipata zaidi ya 900 kwa njia hiyo. Rika la 1946 halikuongezewa hata mmoja. Linawakilisha waliozaliwa Uingereza ndani ya ndoa mwaka ule, na ni kosa kulisoma kama kioo cha Waingereza wote wa umri huo, ilhali meli ya Empire Windrush ilitia nanga miaka miwili baadaye na wengi wakafuata.

Kuna pia wanaoondoka katika utafiti baada ya kuingia. Hawaondoki kwa bahati nasibu: anayehama nyumba ya kupanga kila mwaka hupotea kwa urahisi kuliko mwenye nyumba yake, na aliyeacha shule mapema huchoka na dodoso kuliko aliyefika chuo. Mwaka 1973 kitabu kimoja kilichotumia rika la 1958 kilitangaza kwamba mtoto mmoja kati ya 16 alikuwa akikua katika dhiki ya kila upande: familia ya mzazi mmoja au yenye watoto wengi, kipato duni, makazi mabovu. Taifa lilishtuka, na kwa haki. Lakini kama wanaopotea ni wenye dhiki zaidi, basi hesabu hiyo ilielekea kuwa ndogo kuliko hali halisi.

Wapo wataalamu wanaopinga kwa nguvu hoja hii ya kutaka kila kundi liwakilishwe. Mwaka 2013 Kenneth Rothman na wenzake waliandika kwamba uwakilishi si wa kutafutwa bali ni wa kuepukwa, kwa sababu sayansi hutafuta visababishi, wala haipigi kura. Ushahidi wanao. Utafiti ulioanza 1951 juu ya madaktari wa Uingereza ulisaidia kuthibitisha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, na madaktari si mfano wa taifa lolote. Nchini Norway, walioalikwa katika utafiti mkubwa wa wajawazito ulioanza 1999 walikubali takriban 4 kati ya 10 tu. Waliokubali walivuta sigara kidogo kuliko wenzao, lakini uhusiano kati ya sigara na uzito mdogo wa mtoto ulionekana vilevile. Nakubali hoja yao pale inapofika. Moshi haumuulizi mtu anaishi mtaa gani. Ila waziri anayepanga bajeti ya chakula shuleni haulizi njaa inafanya nini mwilini. Anauliza watoto wangapi wana njaa, na wapi. Swali hilo halijibiwi na sampuli ya waliojitolea, hata wawe laki moja. Tena hata uhusiano wenyewe hupotoka pale ambapo kisababishi na matokeo vyote viwili vinamfanya mtu akatae kushiriki.

Waliopanga rika la mwaka 2000 walielewa somo hili kuliko waliowatangulia. Waliiacha wiki moja ya machipuko wakachukua waliozaliwa mwaka mzima, ili wa kiangazi na wa baridi wote wawemo. Walichagua kata 398, wakiongeza kwa makusudi kata maskini na, kwa England, zile zenye Waasia na Weusi wengi, na maelezo yakatafsiriwa katika lugha kama Kibengali, Kiurdu na Kisomali. Watoto zaidi ya 18,000 waliingia. Hata hivyo majina yalitoka katika daftari la posho ya watoto, na familia ambayo hadhi yake ya uhamiaji haikuiruhusu kupokea posho haikuwa na jina mle. Kosa la 1946 lilikuwa limerudi kwa vazi jingine: cheti cha ndoa zamani, kibali cha ukaazi sasa.

Naona hiyo ndiyo kazi ya mpangaji yeyote wa rika jipya: aandike hadharani, kabla ya mtoto wa kwanza kuandikishwa, ni nani daftari lake halimfikii na atamfuata kwa njia gani. Idadi kubwa haiifanyi kazi hiyo. Marekani ilikusudia kuwafuata watoto 100,000 na ikaufunga mradi Desemba 2014. Uingereza ilikusudia 80,000 na ikafunga mwaka uliofuata. Rika la Douglas, lenye watu 5,362 tu, liliendelea kufuatiliwa hadi uzeeni. Watoto wa nje ya ndoa wa wiki ileile walitembelewa na muuguzi mara moja tu, wakiwa na wiki nane.